Kidole Kimoja cha Ardhi

Dole gumba langu lilitokea ukutani, kubwa kuliko mlango wa kanisa. Nilikuwa nimekaa mstari wa tatu katika ukumbi mmoja wa Liverpool, hapa Sydney, ulio juu ya duka la makochi, na sambusa ya pili ilikuwa mkononi. Aliyenivuta pale ni Wanjiru, nesi wa Kikenya ninayesali naye Toongabbie. "Uncle Eva, njoo tu usikie," aliniambia. "Kuna ploti kwenye kisiwa huko Indonesia, mashambani kabisa, milimani, hewa safi. Utastaafu ukiwa na nyumba yako. Hapa Sydney utanunua nini wewe? Choo?" Nilicheka, nikaenda. Msemaji alikuwa kijana wa Nairobi aliyejiita Denno, suti ya bluu, viatu bila soksi, anasema kama anahubiri. Kwanza alionyesha kilima kilichopigwa picha kutoka juu, na mgongoni mwa kilima shamba la duara lililokatwa vipande vipande kama utando wa buibui. Niliacha kutafuna. Nikajiambia dunia ina vilima vingi. Kisha Denno akasema, "Watu wangu, msiogope mambo ya wenyeji. Hapa hakuna mtu, ni kichaka. Wenyeji walishaachia zamani, na ushahidi ndio huu." Akabonyeza kitu mkononi, na karatasi ya zamani ikajaa ukutani, safu mbili za alama za vidole vya rangi ya zambarau. Ile ya kwanza kabisa, juu kushoto, ilikuwa na kovu lililoikata mshazari. Nikaweka sambusa chini. Nikalitazama dole gumba langu la kulia. Kovu hilo nililipata kwa panga katika kambi ya wakimbizi, nikikata majani ya migomba, kabla sijaota ndevu.

Nikasimama. "Kidole hicho ni changu," nikasema. Denno hakuchelewa. "Mzee wangu, kila mtu hapa anataka kiwe chake. Foleni inaanzia pale mezani." Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Wanjiru akanivuta shati: "Uncle, kaa chini, unatuaibisha." Sikukaa. Nilitoka nikashuka ngazi, nikasimama mbele ya makochi yaliyofungwa nailoni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na sita nikasema kwa sauti jina nililopewa kijijini kule. Lukas. Mwenye duka akadhani namwita.

Mimi nilifika darasa la nne, tena la kambini, chini ya turubai, kwa hiyo msomaji asinitafutie maneno mazuri. Nafanya kazi ya foklifti kwenye ghala huko Wetherill Park, na haya nayaandika wakati wa mapumziko, kwenye daftari linalonuka mkate. Nimechoka kusikia watu wetu wakisimulia mateso kama mvua, kana kwamba yalinyesha tu yenyewe. Yangu hayakunyesha. Yaliletwa na watu, na watu wana majina. Salvator ndiye aliyenidanganya njiani. Fabianus ndiye aliyeleta meza. Hendrik ndiye aliyeleta karatasi. Na wa nne nitamtaja nikimfikia.

Salvator alikuwa jirani yetu kambini Kigoma, mtu wa meno meupe, aliyejua njia. Alitupitisha kwa ndege, kwa lori, kisha kwa boti ya mbao, na asubuhi moja akatushusha ufukweni, wanaume watano, akasema: "Hii ndiyo Australia. Msikae pwani, polisi wote wako pwani. Pandeni juu mpaka mkute Wazungu." Boti ikageuka naye akiwa ndani. Wenzangu walifuata barabara ya mji na wakakamatwa kabla ya saa sita mchana. Mimi ni mtu wa milima, nikapanda. Nilipanda siku mbili na sikukuta Mzungu. Nilikuta ukungu, baridi, migomba na kahawa, mpaka nikafikiri Salvator ametuzungusha baharini wiki nzima na kutushusha kwetu Burundi. Ilikuwa Flores, kisiwa cha Indonesia, lakini hilo nililijua baadaye. Nilichokijua siku ile ni kwamba kahawa ya mtu fulani ilikuwa imeachwa, mashina yamejaa machipukizi yasiyo na kazi. Nilikuwa na njaa hata macho yanacheza, na bado mikono ikaanza yenyewe kuyakonyoa, mti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilipoinua kichwa nikaona mwanamke mfupi mwenye panga kiunoni, ananitazama. Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye mti wa nne, akakata chipukizi moja, akanigeukia na kuinua nyusi, kama anayeuliza: hivi? Nikatikisa kichwa, nikamwonyesha la chini yake. Akacheka. Hivyo ndivyo nilivyokutana na Ende Bernadeta. Ende kwa lugha yao ni mama, na mpaka leo sijui kumtaja bila neno hilo mbele.

Nyumba yake ilikuwa ya mbao, imeinuliwa kwa nguzo, nguruwe wawili wanakoroma chini ya sakafu. Chumba alichonipa kilikuwa cha mwanawe aliyekufa kwa homa, jina lake Lukas, na shati lake lilikuwa bado kwenye msumari. Siku ya tatu Ende alilitoa msumarini, akanivalisha mwenyewe, akafunga vifungo mpaka shingoni, na kuanzia hapo kijiji kizima kikaniita Lukas. Asubuhi alikaanga kahawa kwenye kikaango cheusi, akaitwanga, akaimwagia maji ya moto ndani ya glasi, unga ukizama wenyewe, na kando kipande cha sukari ya mnazi cha kung'ata. Mchana tulikula mahindi yaliyopondwa yakachemshwa na maharage, chakula cha kwetu kabisa, na majani ya mpapai machungu ambayo mjukuu wake Yuliana, msichana wa miaka tisa, aliyaficha chini ya mkeka. Yuli alinifundisha lugha huku akinicheka. Sabuni kwao ni sabun, karatasi ni kertas, dunia ni dunia vilevile. "Om Lukas," alisema, maana huko mjomba wanamwita Om, "wewe unajua maneno yetu, umeyasahau mwisho tu." Usiniulize kwa nini nilifurahi. Tangu nizaliwe sikuwa nimeambiwa kwamba kitu cha mahali fulani ni changu pia.

Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba, na mengi ya maisha yangu niliyasikia nikiwa nimelala chali nikijifanya nimesinzia baada ya chakula. Mchana mmoja alikuja Ema Kanis, yaani Baba Kanis, mzee mgawa ardhi wa kijiji, na wakakaa barazani na Ende kuzungumza habari zangu. "Mtu wa kupita hapewi kidole," alisema mzee. "Huyu si wa kupita," Ende akajibu. "Wa kupita hapogoi kahawa. Wa kupita anakunywa." Mzee akakohoa. "Wanasema ni mweusi sana, atatisha nguruwe." "Nguruwe wangu wamenenepa tangu alipokuja. Wa kwako je?" Nikasikia glasi ikiwekwa chini. "Basi alete jogoo na pombe ya tembo," akasema Ema Kanis, "aombe kama mtu." Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na pale kwenye mkeka niliuma shati la marehemu nisisikike.

Jogoo alitoka kwa Ende, tembo niliibeba mwenyewe kwenye kibuyu. Msomaji anisikilize vizuri hapa, kwa sababu Denno hakulieleza hili ukumbini, na sidhani kama analijua. Kule ardhi haipimwi kwa hatua. Katikati ya shamba la duara husimikwa mti, na mgawa ardhi huweka vidole vyake juu ya mti huo: familia hii vidole vinne, ile vitatu, mjane viwili. Kutoka ubavuni mwa kila kidole huvutwa kamba ya mmea hadi ukingo wa duara. Ema Kanis aliweka kidole kimoja tu, akasema, "Lukas." Kidole hicho pale kwenye mti hakitoshi kulaza hindi moja. Lakini zile kamba mbili zilipoanza kushuka kilima zilikuwa zinaachana kidogo kidogo, na kufika ukingoni kipande kilikuwa kimefunguka kama khanga inayokung'utwa, hatua ishirini na sita kutoka kamba hadi kamba. Nilizipiga hatua hizo mara tatu. Yuli alikuja nyuma yangu akikanyaga nilipokanyaga. "Om, unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta mwisho.

Kambini kulima kulikatazwa kupita ule mstari wa mchicha nyuma ya hema, na mti wa kudumu hukuruhusiwa kupanda, kwa sababu anayepanda mti anasema atabaki. Pale kilimani nilipanda miche ya kahawa sitini, na kando yake mihogo ya kula nikisubiri. Nilijenga ngazi za mawe ili udongo usishuke na mvua, mawe ya mto niliyoyabeba begani mpaka bega likaota ngozi ya pili. Ema Kanis aliniambia mvua tatu zikipita, nikiwa bado nipo, ataniongeza kidole cha pili, na mwenye vidole viwili anaweza kujenga, na mwenye nyumba anaweza kuoa. Wanawake waliokuwa wanakoboa kahawa walilisikia hilo wakaanza kunipangia. "Mpeni Rosina, naye ni mrefu." "Rosina anakoroma." "Huyu ametoka mbali, kukoroma hakumshindi." Nilicheka nao. Nilikuwa nimeanza kuhesabu mvua. Ndiyo maana nikisikia watu wanasema mkimbizi anatafuta msaada, natema mate. Mimi nilikuwa nimepata kidole kimoja na nilikuwa natafuta cha pili.

Ili unielewe kilichofuata, inabidi uielewe kambi. Kambini mtoto anafundishwa kubonyeza kabla ya kufundishwa kusoma. Ukiona meza imewekwa uwanjani, kibati cha wino, na mtu mwenye daftari, unajua leo mtakula. Anayechelewa analala na njaa. Nilibonyeza kwa mahindi, nikabonyeza kwa mafuta, kwa blanketi, kwa sindano ya surua. Dole gumba langu lilikuwa mdomo wangu. Na katika miaka yote ile sikuwahi kubonyeza nikapoteza kitu. Hata siku moja.

Basi msimu wa kiangazi, Fabianus akaleta meza. Fabianus alikuwa karani wa kijiji, mwana wa pale pale, mwembamba, kalamu mbili mfukoni, aliyebatizwa kwa maji yale yale waliyobatizwa wenzake. Aliiweka meza chini ya ukuta wa kanisa, kibati cha wino upande wa kulia, karatasi upande wa kushoto. Nyuma yake pikapu imejaa magunia ya mchele, na ndani ya pikapu bwana wa mjini, Hendrik, miwani ya jua, mlango wazi, mguu mmoja nje kama mtu asiyetaka kuichafua jozi nzima ya viatu. Watu walikusanyika lakini hawakusogea. Ema Kanis alikuwa ameshuka bondeni kwenye harusi ya mpwa wake. "Tumngoje Ema Kanis," walisema. Fabianus akasema mchele haungoji. Mama mmoja akamjibu, "Basi mchele wenu una haraka kuliko bwana harusi," na watu wakacheka, lakini bado hakuna aliyesogea.

Mimi nilipoiona ile meza, moyo uliruka kwa furaha. Mwaka mzima nilikuwa mjinga wa kijiji, mtu wa kufundishwa na mtoto wa miaka tisa jinsi ya kusema chumvi. Leo kilikuwa kimekuja kitu ninachokijua kuliko wote. Nilijipenyeza mbele. Niliwapanga foleni, naapa, mimi mwenyewe, wenye watoto wachanga mbele, wazee kivulini, kama alivyokuwa anafanya kiongozi wa zamu yetu kambini. Niliwaonyesha namna ya kuviringisha kidole kutoka ukucha hadi ukucha ili alama isichafuke. Na ili wasiogope, nilibonyeza wa kwanza. Fabianus aliandika kando yake jina la marehemu, Lukas, na ukoo wa Ende, wala hakuniuliza. Alijua anachofanya. Alinikabidhi gunia langu akatabasamu. Ende alifika mezani akiwa amekunja mikono. "Lukas, karatasi inasema nini?" "Inasema mchele, Ende." "Umeisoma?" Nikamjibu, na jibu hili nimelala nalo miaka ishirini na sita: "Hizi hazisomwi, Ende. Zinabonyezwa tu. Naijua hii tangu nikiwa mdogo." Alinitazama usoni, akakunjua mikono, akabonyeza. Baada yake walibonyeza wote.

Huyo ndiye wa nne. Anaitwa Evaristi, ndiye mimi. Sitamwacha nje ya orodha eti kwa sababu namhurumia.

Mvua ya kwanza iliponyesha, vigingi vyenye rangi nyekundu vilikuwa vimezunguka shamba la duara. Karatasi ilisema kwamba sisi, wenye vidole vilivyo hapo chini, tunakiri kilima ni kichaka kisicholimwa na tunakiachia kwa kampuni ya Hendrik kwa ajili ya wageni wa baadaye. Ema Kanis aliita watu wote ndani ya nyumba kubwa. Nakumbuka moshi, nakumbuka mvua juu ya bati, nakumbuka sahani ya mihogo ambayo hakuna aliyeigusa. Mzee aliuliza swali moja tu: "Nani alianza?" Watu zaidi ya sitini walikuwa mle ndani, na kila mmoja alijua. Hakuna aliyegeuza hata jicho upande wangu. Yuli alikuwa ananitazama miguu. Kisha Ende akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi, "Tulianza wote." Mimi nilikaa kimya. Nimepigwa mateke, nimewekwa kizuizini miezi minane huko Jakarta, lakini kitu kilichonivunja ni kile kimya changu mwenyewe mbele ya mihogo iliyopoa.

Kesho yake Fabianus alinikuta mtoni. "Wewe si mtu wa hapa," akaniambia, bila hata kuangaza huku na huku. "Ukifungua mdomo, nawaita polisi, na huyu mama anayekuficha atafungwa pamoja nawe." Niliondoka siku hiyo hiyo. Ende alinifungia kahawa kwenye jani la mgomba, na mahindi ya kuchoma, na akanifunga tena vifungo vya shati mpaka shingoni. "Kidole chako kipo," alisema. "Sitakilima mimi, wala sitampa mtu. Kitakungoja." Niliteremka ngazi zangu za mawe mwenyewe, moja moja, nikiziharibu kwa visigino, maana sikutaka ziwe nzuri.

Huko Jakarta, nilipotoka kizuizini na kuitwa kwenye mahojiano ya wakimbizi, wenzangu walinionya. Usiseme ulikuwa kijijini. Usiseme ulikuwa na shamba. Mtu mwenye shamba si mkimbizi, watasema ameshapata kwao, watakurudisha hukohuko au watakuacha hapa. Kwa hiyo nilisema mwaka ule nilikuwa nimejificha mjini, naokota chupa. Niliapa juu ya hilo. Nikaapa tena Sydney, nilipopewa uraia, mkono juu, bendera ndogo mfukoni. Kilima, Ende, shati, kidole, vyote nilivifuta kwenye faili langu, na miaka ikapita, nikaoa, tukaachana, nikamlea binti yangu Neema, na nikajizoeza kusema "I'm good, mate" kila asubuhi kwenye lango la ghala.

Wiki moja baada ya ukumbi ule wa Liverpool, Wanjiru alikuja nyumbani bila kupiga hodi vizuri. Alikuwa amerudisha fomu ya Denno bila kuijaza. "Uncle, ile sura yako haikuniacha nilale," alisema, na akakaa na simu yake, akatafuta kijiji kwa jina, akatuma ujumbe huku na huko, mpaka siku ya tatu sura ikatokea kwenye kioo: mwanamke mnene wa miaka thelathini na mitano, mwalimu, nyuma yake ukuta wa mbao ninaoujua. "Om Lukas," alisema Yuli. Hakulia, na mimi sikulia. Aliniambia Ende alifariki mvua iliyopita, mikononi mwake, akiwa hana maumivu. Fabianus naye alishakufa, tajiri kiasi. Kampuni ya Hendrik imebadilisha jina mara mbili. Wao wanalima bado, lakini kila mwaka wanaambiwa ni wavamizi, na sasa wamekwenda mahakamani. "Tumekutafuta miaka mingi," akasema. "Si kwa sababu ya mapenzi, Om. Tunakitafuta kidole. Wakili wetu anasema cha kwanza kimeandikwa jina la mtu aliyekufa, na aliyebonyeza hakuwa mtu wa nchi hii. Karatasi yao inasimama juu ya kidole hicho. Mwenyewe akikubali ni chake, karatasi inaanguka." Nikamwambia ndiyo. Akauliza: "Kwa nini hukuniandikia hata mara moja?" Nikasema sikujua kuandika. "Na sasa?" Nikafuta kioo cha simu kwa kiganja. "Bibi hakukilima kidole chako," akaendelea. "Hata njaa ilipokuja. Kimeota msitu. Unajua ndicho wanachokipiga picha? Wanaposema kilima ni kichaka, wanaonyesha hicho."

Neema alisikia yote, amesimama mlangoni na sare yake ya duka la dawa. Yeye Kiswahili anakielewa chote, hujibu kwa Kiingereza. Aliniambia wanaweza kuninyang'anya uraia. Nilidanganya kwenye kiapo, nikauficha mwaka mzima, na sasa ninataka kuweka uongo huo kwenye karatasi na kuutia sahihi? "Dad, just leave it. It's their country." Nikamwambia: "Mwanangu, kwenye nchi yao nilipewa kidole na mtu asiyenidai kitu. Hapa nimefanya kazi miaka kumi na tisa na sina mahali pa kupanda limau. Wakitaka kunifuta, wanifute nikiwa mtu mzima, siyo mwizi." Aliingia chumbani, akafunga mlango. Nikafikiri ndio mwisho. Baada ya muda mlango ukafunguka kidogo, na nikamwona kwenye kompyuta, kichwa kimeinama, na akaniuliza kwa Kiingereza chake jina la Fabianus linaandikwaje.

Liverpool, kwenye maktaba, asubuhi fulani za wiki hukaa mtu wa kushuhudia hati, bure, hapa wanamwita JP. Aliyekuwepo ni mzee wa Kivietnamu, sweta la kijani, kalamu ya kuchovya kwa heshima ya kazi. Hati yangu ilikuwa ukurasa mmoja. Ilisema jina langu halisi, jina la shati nililovaa, mwaka niliouficha, meza, mchele, na kwamba niliwaambia watu karatasi zile hazisomwi. Ilisema pia kwamba kidole kile kimoja cha ardhi, nilichopewa na Ema Kanis mbele ya watu, kuanzia leo ni cha Yuliana, akilime. Mzee aliisoma polepole, neno kwa neno, kidole chake kikifuata mstari. Nilimsubiri. Ni mtu wa kwanza kusoma karatasi mbele yangu kabla ya kuomba mkono wangu. "Sign here," akasema. Nikatia sahihi. Kisha nikatoa mfukoni kibati cha wino nilichonunua duka la vifaa vya ofisi. "No need, sir," akasema. Nikamwambia kwangu upo ulazima. Nikabonyeza, nikaviringisha kutoka ukucha hadi ukucha, na kovu likatoka safi. Alinisogezea kitambaa cha karatasi nifute. Nikamwambia asante, abaki nacho. Siku hiyo nilipanda foklifti nikiwa na dole la zambarau kwenye usukani, na msimamizi aliponiuliza nimegusa nini, nikamwambia nimegusa kwangu.

Mahakama ya kule haijasema neno, na barua kutoka kwa serikali ya hapa inaweza kufika wakati wowote. Ifike, mlango haujafungwa. Kilichofika jana ni picha kutoka kwa Yuli, amepiga akiwa amesimama kwenye ule mti wa katikati. Msitu umekatwa. Ngazi za mawe zimetokea tena, nusu zimebomoka kwa visigino vyangu, nusu zimesimama, na udongo mweusi uliogeuzwa kwa jembe unashuka kutoka miguuni pake, mwembamba kama kidole, ukizidi kufunguka mpaka ukingoni. Sasa Denno apande juu, apige picha tena.